Sampuli ya Katikati ya Gunia

Baba yangu alikuwa anaendesha lori kwa kutumia ungo wa Shangazi Hedwiga, na hilo ndilo lililotufikisha kwenye maduka ya mtandaoni.

Sitanii. Baba, Mzee Othmar, aliendesha lori la kahawa miaka thelathini na moja, Mbinga hadi Songea, Songea hadi Makambako. Mwaka juzi kiharusi kilimpiga upande wa kushoto. Mguu ulirudi kiasi cha kutembea kwa fimbo, lakini mkono wa kushoto aliulaza pajani na kuuacha hapo, hata mazoezi ya hospitali akayakataa. Akawa anakaa barazani kwetu, pembeni ya mji wa Mbinga, akiitazama barabara. Siku moja akauchukua ungo kwa mkono wa kulia, akauegemeza tumboni, akaanza kukata kona. Watu wakimpitia na Shikamoo zao, aliitikia Marahaba bila kuondoa macho barabarani.

Shangazi ni dada yake, alihamia kwetu mama alipofariki. Yeye hakuona la kuchekesha.

"Kaka, nina mahindi ya kupepeta."

"Ngoja nimalize huu mteremko."

Mteremko ukachukua hadi saa kumi jioni, na siku hiyo tukala viazi.

Nilipoona hivyo nikampeleka mjini kwenye kibanda cha gemu cha kijana mmoja anaitwa Praygod. Alikuwa na kompyuta kubwa, usukani wa kuchezea na gemu ya malori. Baba alikaa pale saa mbili. Alitoka na jasho shingoni, akarudi nyumbani akala ugali mzima na kuomba kuongezwa. Mimi ni mwalimu wa darasa la sita, silii ovyo, lakini siku ile nililia. Wiki iliyofuata Praygod akahamishia kibanda chake Songea, na Baba akarudi kwenye ungo. Safari hii haukumtosha. Akaanza kusukuma sahani pembeni, leo nusu, kesho robo.

"Ungo hauna breki, Hilda," aliniambia.

Nikaapa nitamnunulia mashine yake. Nilijaribu kwanza kompyuta ya ofisi ya shule. Lori lilitokea halina matairi, likaelea kidogo, kisha kompyuta nzima ikazima na ratiba ya mitihani ndani yake. Mtaalamu akanieleza kwamba gemu ile inataka kompyuta ya kuundiwa, yenye kadi ya picha ya nguvu, prosesa inayoendana nayo na feni za kutosha. Zinauzwa mtandaoni, unasema uwezo wako nao wanakuundia kulingana nao.

Uwezo wetu ulikuwa fedha ya kahawa ya shamba la ukoo, iliyotengwa kwa ajili ya mabati. Na fedha ya ukoo haitoki bila sengu, ule mkutano wetu Wamatengo ambapo ukoo unakula pamoja na kuamua mambo mdomo ukiwa na chakula. Zamani walikaa wanaume tu. Shangazi Hedwiga alijiingiza mwenyewe mwaka fulani akiwa ameshika chungu cha maharage, na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumtoa yeye na maharage.

Mwenyekiti ni Baba mkubwa Urbani, kaka yake Baba. Huyu alikuwa muonjaji wa kahawa maisha yake yote ya kazi. Kuna hadithi kwamba alionja kijiko kimoja akasema, "Huyu mkulima ameanika karibu na mafuta ya taa," wakaenda wakakuta taa imemwagika. Tangu siku hiyo ukoo wetu haubishani na ulimi wake.

Niliwaonyesha maduka matatu kwenye simu: Kompyuta Chapchap, Kilele Gemu, na Nyota ya Pwani. Yote yameandika Dar es Salaam, yote bei zake tunaziweza kwa kujibana. Nikaeleza kwamba unalipa, wanaunda, wanatuma kwa basi.

"Unalipa kabla?" Shangazi aliuliza.

"Kabla, ndiyo."

Vijiko vikasimama. Ni lazima mjue kwamba babu yetu aliwahi kuuza kahawa kwa magoma. Ndiyo ile biashara ya mlanguzi kukulipa kidogo kahawa ikiwa bado maua, ikiiva ni yake. Babu alivuna shambani kwake mwenyewe kama kibarua, na akafa akiwa bado na hasira. Alituachia usia mmoja tu, kwamba kwenye ukoo huu mali na fedha vikutane uso kwa uso.

"Haya ni magoma yaliyogeuzwa kichwa chini," alisema Baba mkubwa. "Sasa hivi wewe ndiye mlanguzi, na bado utaliwa."

"Tutauziwa mbuzi kwenye gunia," Shangazi akaongeza. "Bora mabati. Bati unaligonga, linalia."

"Waandikie watume sampuli," akaamua Baba mkubwa.

"Baba mkubwa, kompyuta haina sampuli."

"Kila kitu kina sampuli."

"Hata mke?"

"Huo ndio uchumba. Andika."

Nikaandika, yeye akisema neno kwa neno, nami nikiona aibu kwa kila herufi. *Tumsifu Yesu Kristo. Sisi ni ukoo wa wakulima wa kahawa, Mbinga. Kabla ya kununua tunaomba sampuli ya kompyuta yenu. Itoke katikati ya gunia, si juu.* Maana kila mkulima kwetu anajua hila ile. Juu ya gunia unaweka punje nzuri, katikati unaficha aibu zako. Ndiyo sababu mpokeaji wa kahawa huchoma gunia kwa chuma na kuvuta punje za ndani kabisa.

Kompyuta Chapchap walijibu kabla sijaiweka simu chini. *Habari mpendwa! Gunia ni chaguo bora kabisa! Ungependa kulipia kwa njia gani?*

"Wanauza magunia?" Baba mkubwa aliuliza.

"Ni mashine inajibu."

"Basi inunue yenyewe." Duka la kwanza likafutwa.

Kilele Gemu walituma kifurushi kwa basi, ndani yake kofia nyekundu yenye jina lao. Nyota ya Pwani walinyamaza siku mbili, kisha wakaandika: *Shikamooni wazee wangu. Ya katikati, nimeelewa. Nitaiacha stendi ya Mbinga.* Kilikuja kiboksi cha sabuni kilichofungwa kwa kamba, na ndani kulikuwa na feni nyeusi ya kompyuta, ndogo, inaenea kiganjani, ina vumbi kwenye pembe.

Jumamosi sengu ikakaa kuonja.

Natamani niseme kwamba nilizuia. Sikuzuia. Nilichemsha maji. Baba mkubwa alinawa, akavaa koti lake la zamani la kazi, akaomba vikombe, kijiko na kopo la kutemea. Aliinusa kofia mara moja tu.

"Gundi na kiwanda. Hii ni ya juu ya gunia." Kisha akaivaa, kwa sababu ilimkaa vizuri.

Ikaja zamu ya feni. Aliinusa ikiwa kavu. Akaiweka kwenye bakuli, akaimwagia maji ya moto, akatazama saa yake dakika nne kamili. Akachota kijiko, akafyonza kwa ule mlio wa waonjaji unaofukuza kuku, akazungusha mdomoni, akatema.

"Kazi nyingi," alisema. "Hii feni haikutoka dukani, imetoka kwenye mashine inayotumika. Joto la muda mrefu. Vumbi la mchanga." Akafyonza tena. Akafumbua macho. "Na usipa."

"Usipa?" Shangazi akasogea.

"Wa kuanikwa juani, si wa moshi. Dagaa wa ziwa letu la Nyasa, Hedwiga. Mtu wa Dar angekuwa na dagaa wa Mwanza."

Nilitaka kucheka, lakini nikapiga simu ya Nyota ya Pwani. Akapokea mwanamke.

"Dada, samahani, ninyi mko Dar kweli?"

Nyuma yake nikasikia maji yakipiga ufukwe na mtu akigombana na bata.

"Nani kawaambia?" aliuliza.

"Ulimi wa baba mkubwa."

Alipumua. "Niko Lipingo. Naitwa Siwema. Njooni mniseme ana kwa ana."

Lipingo! Tumetembeza macho mtandao mzima, tumeandikia Dar es Salaam, kumbe tunatafuta kitu kilichoko kwa majirani zetu, chini ya milima, wilaya ya Nyasa. Shangazi akataka mabati saa ileile. Mwongo wa anwani, alisema, ni mwongo wa bei. Lakini kutoka barazani, ambako alikuwa hajafungua kinywa siku nzima, Baba akaita: "Kama ni ziwani, njia naijua."

Jumamosi iliyofuata niliazima gari la mwalimu mkuu, Mwalimu Nicholaus. Baba akakaa mbele pembeni yangu, Baba mkubwa na Shangazi nyuma. Alikataa kuacha ungo. Kwa hiyo tulikuwa madereva wawili ndani ya gari moja, na kwenye ule mteremko wa kwenda Mbamba Bay kila kona aliikata yeye kwanza.

"Gia ya pili, Hilda."

"Baba, hii ni otomatiki."

"Otomatiki haiujui huu mlima. Gia ya pili."

Mguu wake wa kulia ulikuwa unakanyaga zulia la gari. Kona moja nilichelewa, tukapita tukiwa tumelamba majani ya ukingoni, na ungo wake ulikuwa umekata mahali panapostahili. Hakunisema. Nilisikia uchungu kuliko kama angenisema.

Lipingo tulielekezwa na harufu. Nyumba ya Siwema ilikuwa na sola juu ya paa na vichanja vya usipa uani, hakuna kibao wala bango. Yeye mwenyewe alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, kanga kiunoni, bisibisi sikioni. Tukapeana Shikamoo na Marahaba zinazotakiwa, tukaingia ndani, na hapo wote tukasimama.

Mezani kulikuwa na kompyuta iliyofunuliwa ubavu, taa zake zinawaka. Kando yake, kwenye kigoda, bibi mmoja alikuwa anaipepea kwa ungo.

"Karibuni," alisema bibi yule, mama yake Siwema, bila kusimamisha mkono. "Mnisamehe siinuki. Nikiacha, inazima."

"Feni yake iko wapi?" nikauliza, ingawa nilishajua.

"Mnayo ninyi," Siwema akasema. "Mliomba ya katikati. Sina stoo mimi, nina hii moja. Nikaitoa katikati ya hii."

Shangazi hakulainika. "Na Dar es Salaam uliyoandika?"

"Mama, nikiandika Lipingo wananiuliza bei ya usipa. Mwaka jana niliandika Lipingo. Watu wawili tu waliniuliza kompyuta, na mmoja alitaka kikokotoo. Nimesoma haya mambo miaka mitatu, Mbeya. Nimerudi kumuuguza mama, sijarudi kusahau."

Baba mkubwa akakohoa kikazi. "Binti, kwenye kahawa, sampuli ikiwa na punje moja ya uongo, mzigo wote unarudi." Akatazama ungo unavyopanda na kushuka. Akatoa leso mfukoni, akaifungua, feni ikiwa ndani, imeoshwa na kukaushwa. Akavua ile kofia nyekundu, ambayo hata mezani alikuwa haivui. "Lakini wale wa Kilele walitupatia kofia. Huyu ametupatia pumzi ya mashine yake mwenyewe. Mimi nimemaliza kuonja."

Nikadhani tumefika. Hatukuwa tumefika. Siwema alieleza kwamba kwa uwezo wetu anaweza kuunda mashine nzuri, ila kadi ya picha na prosesa lazima aagize, na kuagiza kunataka fedha kwanza. Hana mtaji.

"Magoma," alisema Shangazi. "Hata yakija na Shikamoo ni magoma. Marehemu baba yetu alituapisha."

Baba mkubwa akainamisha kichwa. Siwema akaanza kukunja karatasi aliyokuwa ameandika vipimo. Nilihisi hasira inanipanda hadi masikioni: kwa babu aliyekufa, kwa mabati, kwa maua ya kahawa ya mwaka ambao sikuwa nimezaliwa. Baba angerudi kwenye ungo usio na breki, na sahani ingeendelea kusukumwa mpaka siku isingehitajika kuwekwa. Nilimtafuta kwa macho ili nimtoe pale.

Alikuwa ameshakaa mezani. Palikuwa na usukani wa kuchezea, umefungwa kwa mpira wa baiskeli, na Siwema alikuwa na gemu ileile. Hakuna aliyemwona akiiwasha. Ungo wake alikuwa ameuweka sakafuni.

"Mama, nipokee kidogo," mama yake Siwema akamwambia Shangazi. "Mkono umekufa ganzi."

Mgeni hamkatalii mwenyeji mzee anayeomba kupokewa. Shangazi akauokota ungo wake mwenyewe pale sakafuni, akakaa kwenye kigoda, akaanza kuipepea mashine ambayo alikuwa ametoka tu kuikataa. Alikuwa upande wa pili wa meza, ubavuni mwa kioo, anatazamana na Baba. Sisi tuliona lori. Yeye aliona uso wa kaka yake. Alipepea dakika kumi, labda zaidi, mbele ya kaka ambaye hakujua kama anapepewa mashine.

"Siwema," alisema hatimaye, bila kuacha kupepea. "Hii hapa ipo. Naiona, inanipiga joto usoni. Tuuzie hii hii."

"Hiyo ni yangu, mama. Nimeiunga miaka minne, kipande kwa kipande."

"Na fedha yetu ni ya mwaka mzima wa kahawa. Vikutane uso kwa uso. Baada ya hapo wewe utaagiza vya kuunda mbili."

Siwema akamtazama mama yake. Mama yake akasema kwamba yeye anachotaka ni kupumzisha mkono tu. Wakacheka wote wawili, ila Siwema aligeuka kwanza akapangusa macho kwa ncha ya kanga. Kisha akachomoa bisibisi sikioni na kurudisha feni mahali pake.

Jumapili baada ya misa mashine ikawekwa sebuleni kwetu. Inanuka usipa mpaka leo, na paka wa jirani hatoki juu yake. Meza tuliiweka dirisha likiwa kushoto, kwa sababu ndipo waya wa umeme ulipofika.

Ukoo ulikuja wote. Nilitarajia watazame kama watu wanaotazama mpira. Badala yake Baba mkubwa alivuta kiti nyuma ya Baba upande wa kulia, akavaa kofia yake nyekundu na kujitangaza utingo. Wengine wakapanga viti kwa mistari. Mtu mmoja aliingia na debe la mahindi, akaliweka sakafuni nyuma kabisa, akauliza nauli ya mzigo. Nilisema kwa sauti yangu ya darasani kwamba hii ni gemu. Nikaambiwa nikae, gari linaondoka.

Lori la Baba likapita nchi za Ulaya huko, usukani kushoto, theluji kila mahali.

"Huu unga kaumwaga nani?" alinung'unika.

"Endesha tu, mdogo wangu," utingo akasema, "kushoto kweupe."

Mkono wa kulia ndio uliokuwa unafanya kazi. Wa kushoto ulikuwa pajani, kama kawaida yake.

Tulienda hivyo hadi mchana ukalegea. Kukatokea njia panda na kituo cha mafuta, hakuna mtu. Baba akapunguza. Akasogeza lori pembeni taratibu, akapiga honi mara mbili. Akangoja, injini inanguruma.

"Baba, umefika wapi?" nikamuuliza.

"Kitai," alisema.

Wote tulijua. Mama, kabla hajawa mama, alikuwa anauza chai Kitai, kandokando ya barabara ya Songea. Lori la Baba lilikuwa na stata mbovu, likizimwa haliwaki. Kwa hiyo alikuwa anasimama injini ikiunguruma na kupiga honi mara mbili, naye anampelekea chai dirishani. Walioana kwa njia hiyo. Hata stata ilipotengenezwa, hata mama alipoacha biashara, Baba akitoka Songea alipiga honi mbili Kitai, na mama alikuwa amekwenda hadi pale na chupa ya chai kumsubiri.

Baba akapiga tena honi mbili. Kwenye kioo theluji ilikuwa inaanguka kwenye kituo kisicho na mtu. Nikasikia kiti cha Shangazi kikisogezwa, naye akatoka nje. Nilidhani amechoka na upuuzi wetu.

Dirisha la kushoto likagongwa.

Shangazi alikuwa amesimama uani, ile chupa nyekundu ya mama kwapani, ametupitishia kikombe kati ya nondo. Mvuke ulikuwa unaingia ndani.

"Dereva," alisema, "chai. Usizime injini."

Usukani wa gemu ile uko kushoto, na dirisha la dereva liko kushoto. Baba akautazama mkono wake pajani muda mrefu. Kisha akaunyanyua, ule mzito, ukitetemeka hadi bega, akaunyoosha mpaka dirishani na kupokea kikombe.